Fundi wa kiwandani na fundi wa sebuleni hawasalimiani

Wandugu, leo nina dukuduku. Watu wanaounda na kuendesha roboti wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi linalidharau jingine. Kuna wa viwandani, wenye mikono ya chuma ya KUKA, ABB, Fanuc na Yaskawa. Halafu kuna wa sebuleni, wenye Arduino, mota zilizong'olewa kwenye printa mbovu, na meza ya mama iliyoungua kwa kulehemu. Wa kwanza husema wa pili wanacheza. Wa pili husema wa kwanza wanajua tu kubonyeza walichoonyeshwa na kampuni. Mimi ni mtu wa programu, sina kabila hapo (sawa, moyo wangu uko sebuleni), na naona wote wanakula hasara.

Tuchukue LinuxCNC. Miaka ya 1990, NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, iliandika programu ya kuendesha mashine za kukatia chuma, ikaiita EMC. Kwa sheria ya huko, kazi ya mwajiriwa wa serikali kuu haina hakimiliki, kwa hiyo yeyote aliruhusiwa kuichukua. Wenye mashine kuukuu gerejini waliichukua. Waliiboresha kwa kujitolea miaka na miaka, wakalibadilisha jina baada ya kampuni moja ya vifaa vya kuhifadhi data yenye jina hilo hilo kulalamika, na leo Tormach inauza mashine ambazo kidhibiti chake, PathPilot, kimejengwa juu ya LinuxCNC. Kutoka serikalini hadi gerejini, kisha ikarudi dukani. Nani aliibiwa hapo?

Hata G-code, lugha inayoendesha printa za 3D, ni ya mashine za viwandani, na mizizi yake iko MIT miaka ya 1950. Mradi wa RepRap ulioanzishwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005 ulitumia lugha hiyo iliyokuwepo. Mwaka 2009 ikaja Grbl, ikaibana G-code ndani ya Arduino, na Marlin ya mwaka 2011 ikaazima kutoka Grbl. Anayejichapishia kikombe cha plastiki nyumbani anasema Kiswahili cha kiwandani bila kujua.

Upande wa mikono ya roboti mambo ni magumu zaidi. KUKA wana lugha yao KRL, ABB wana RAPID, Fanuc wana KAREL, Yaskawa wana INFORM. Bingwa wa moja akihamia kiwanda kingine anarudi darasa la kwanza. ROS, iliyokuzwa na Willow Garage ya California kuanzia mwaka 2007, ilikuwa zaidi ya watafiti wa vyuo, mpaka mwaka 2012 ambapo Yaskawa Motoman, Southwest Research Institute ya Texas na Willow Garage wenyewe walianzisha ROS-Industrial ili msimbo ule ule uzungumze na roboti za kiwandani. Willow Garage imeshafungwa, lakini msimbo ulibaki kwa sababu ulikuwa huria. Na ROS 2, iliyotoka rasmi Desemba 2017, ikaegemea DDS, kiwango cha mawasiliano ambacho tayari kilikuwa kinatumika katika mifumo ya viwanda na ya kijeshi.

Sasa nije kwenye linalonikosesha usingizi: kile kitufe chekundu cha dharura. Kiwandani, kitufe hicho kina sakiti yake inayokata nguvu za mota bila kusubiri hisani ya programu. Waya zake hupitisha umeme muda wote, kwa hiyo panya akizitafuna, mashine inasimama yenyewe. Mkono uliobeba mzigo huwekewa breki, maana kukata umeme peke yake kungeuangusha mtu kichwani. Sebuleni je? Kitufe kinachomekwa kwenye pini ya Arduino, na programu inakisoma ikipata nafasi. Programu ikikwama, kitufe ni pambo. Halafu mashine hiyo ina kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mtoto amesimama pembeni akishangaa! Huu ni ujuzi wa zamani sana, hauna siri ya kibiashara ndani yake, na vidole vya watu viko hatarini kwa sababu hakuna aliyeuvusha. Ukitaka kujisomea, kiwango cha ISO 10218 cha usalama wa roboti za viwandani, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2025, kinauzwa, na si bei ya kijana anayeokota mota Gikomba.

Deni la upande wa pili lipo pia. Programu ya roboti ya mamilioni mara nyingi inaishi kwenye laptopu moja ya fundi mmoja, nakala ya mwisho ikiitwa "mpya_mpya_sasa". Kijana wa sebuleni anayetumia git angeweza kuwafundisha kwa mchana mmoja.

Najua nitaambiwa kuna mikataba ya siri. Kweli, mapishi ya bidhaa yafiche. Lakini "kihisi kilisoma vibaya kwa sababu waya wake ulilazwa kando ya waya wa mota" ni siri ya nani? Fundi wa kiwandani ameshajua atumie waya wenye ngao na ishara za volti 24. Wa sebuleni na volti 5 zake anahangaika wiki nzima, akilaumu msimbo usio na kosa.

Rafiki yangu mmoja anatunza mitambo katika kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda, Nairobi. Ana daftari lenye kila hitilafu aliyokutana nayo, dalili yake na dawa yake, kwa mkono, pamoja na michoro. Akiacha kazi, daftari linaondoka naye. Nimemwomba aniruhusu kunakili kurasa zisizotaja bidhaa yoyote ili nizipange kwa Kiswahili na kuzitoa bure. Amesema hana shida, ila lazima amuulize meneja kwanza. Huu ni mwezi wa tatu.