Kasri la McMillan: Nani Agharamie Paa?

Mgeni akitajiwa Konza siku hizi, hufikiria mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 kwenye ekari 5,000 za Malili. Wazee huikumbuka zaidi stesheni, pale reli ya Magadi inapochepuka kutoka njia ya Mombasa. Katika kaunti ya Machakos, chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, kuna jumba la zamani lisilopigiwa debe namna hiyo.

Ni kasri la William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Watu humwita “Lord”, ingawa cheo alichotunukiwa kilikuwa “Sir” tu. Kabla ya kuwa mlowezi alikuwa mpelelezi wa mito: mwaka 1903 alijaribu kuteremka Nile ya Buluu kwa mashua za chuma kutoka Ethiopia, maporomoko yakamkatalia. Akahamia Kenya, akajipatia maelfu ya ekari, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt akawa mgeni wake kwenye shamba la Juja. Alifariki 1925, akazikwa kwenye mteremko wa Kilimambogo. Inasimuliwa kwamba alitaka kileleni, ila gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima.

Je, fedha za umma zitumike kutunza nyumba ya mtu kama huyu?

Wanaokataa wana hoja. Ardhi ile ilikuwa na watu kabla yake, na kaunti ina visima vya kuchimba. Lakini Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti makavazi na maktaba, huku majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu. Mgawanyo huo ni mwanya mzuri wa kila upande kumngoja mwenzake, na paa halingoji.

Mfano uko Nairobi. Maktaba ya McMillan, iliyoanzishwa na mjane wake, Lucie, na kufunguliwa 1931, kwa miaka mingi iliwafungia mlango Waafrika. Leo watoto wa Nairobi husomea humohumo, na hakuna aliyelazimika kumsifu McMillan mwenyewe.

Kasri nalo linastahili hivyo, kwa sharti moja: kando ya picha ya Roosevelt itundikwe ramani ya mashamba, ikionyesha nani aliondolewa wapi, na vibarua walikuwa akina nani.