Aya Ndani ya Lebo: Tupunguze Maneno, Tusipunguze Herufi

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwalimu wa shule ya msingi hujitengenezea mwenyewe, lebo ndiyo inayofikiriwa kidogo kuliko zote. Chati hupangwa kwa siku kadhaa na kielelezo cha udongo hufinyangwa kwa uangalifu, lakini lebo huachwa hadi dakika ya mwisho. Zamani, lebo ilipoandikwa kwa mkono juu ya kipande cha manila, hali hiyo haikuleta madhara makubwa. Kalamu nene ilikuwa na adabu yake: haikumruhusu mwalimu kuandika maneno mengi kuliko nafasi aliyokuwa nayo. Siku hizi walimu wengi hutengeneza lebo kwa kompyuta, au huzipeleka zikachapwe katika maduka ya steshenari ya mjini Arusha, na kompyuta haina adabu hiyo. Ukiipa aya ndefu na kisanduku kidogo, programu nyingi zitayafinya maandishi mpaka yote yaingie. Mwalimu hufurahi kwamba maneno yake yote yamo, lakini mtoto hawezi kuyasoma.

Maoni yetu ni kwamba hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa lebo za madarasa na bustani za shule. Maneno yakizidi nafasi, hapana budi yapunguzwe maneno, wala si herufi.

Kwa nini jambo hili si dogo

Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umetilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini kusoma hakuishii kitabuni. Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kama Poli, Akeri na Nkoaranga, familia hulima kahawa, migomba na mboga, na siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mazao hayo huteremshwa kuuzwa. Mkulima wa mboga hununua pia dawa za kunyunyizia mimea. Chupa ya dawa hiyo huwa na lebo, na ndani ya lebo mna aya: kipimo cha dawa kwa maji, siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna, na namna ya kumsaidia mtu aliyeimeza. Ngaramtoni, nje kidogo ya mji, ndipo yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi mwaka 2020 kazi za taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa miaka mingi kama TPRI. Lakini chupa ikishafika nyumbani, msomaji wake mara nyingi ni mtoto. Bibi ambaye macho yake yamechoka humwita mjukuu na kumwambia, "Hebu nisomee hapa."

Sasa tujiulize: mtoto huyo amezoezwa nini shuleni? Ikiwa kila lebo aliyoiona darasani ilikuwa na kichwa cha habari kikubwa na chini yake maandishi madogo yaliyobanana, atakuwa amejifunza kwamba maandishi ya chini ni pambo. Atamsomea bibi jina la dawa, na zile siku za kungoja ataziruka. Kwa hiyo lebo tunayoiweka kwenye kitalu cha miche inamfunza mtoto zaidi ya jina la mche.

Aya mbele ya kompyuta

Programu nyingi za kutengenezea lebo zina namna mbili za kuandika. Ya kwanza ni mstari mmoja unaoendelea mpaka mwandishi aukate mwenyewe. Hii yafaa kwa jina au kichwa. Ya pili ni kisanduku cha aya, ambamo maneno yanayofika ukingoni hushuka yenyewe kwenye mstari unaofuata. Mwanzilishi asiyejua tofauti hii huandika aya kwa namna ya kwanza, akibonyeza kitufe cha kuingiza kila anapoona mstari umemtosha. Kwa kompyuta, kila mbonyezo wa kitufe hicho ni mwisho wa aya. Siku atakapoongeza neno moja, mistari yote itavurugika.

Yafaa, basi, kuandika aya ndani ya kisanduku chake, na kukitumia kitufe hicho pale tu wazo jipya linapoanza. Vilevile tusisogeze maneno kwa kubonyeza nafasi tupu nyingi. Pambizo na mwanzo wa mstari vina vipimo vyake ndani ya programu. Jambo la tatu, na kubwa kuliko hayo, ni kuzima ule mpango wa kupunguza herufi ili maneno yaenee. Ukiuzima, maneno ya ziada yatamwagika nje ya kisanduku au yatafichika, nawe utajua mara moja kwamba umeandika kupita kiasi.

Kiswahili na ukingo wa mstari

Programu nyingi zilitungwa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi. Kiswahili hukusanya mengi ndani ya kitenzi kimoja. Tuchukue karatasi ya A4 na kuigawa katika lebo 10, safu mbili za lebo tano tano. Kila lebo itakuwa na upana wa milimita 105 na kimo cha milimita 59 hivi. Tukiacha pambizo ya milimita 7 kila upande na kutumia herufi za pointi 16, mstari mmoja utachukua takriban herufi 32, nafasi zikiwemo, na lebo nzima itachukua mistari kama 6. Neno "wanapoyashughulikia" peke yake lina herufi 19. Limekula zaidi ya nusu ya mstari.

Ndiyo maana hatupendekezi kunyoosha aya ya lebo pande zote mbili. Katika kurasa pana za kitabu mtindo huo hupendeza, lakini katika lebo nyembamba programu hulazimika kuyatawanya maneno machache ili yafike ukingoni, na kati yake hubaki mianya mipana. Mtoto anayesoma kwa kidole huvuka mwanya akadhani sentensi imekwisha. Aya na ianzie kushoto kwa usawa, upande wa kulia uachwe uishie unapoishia.

Hatari nyingine ni kukata neno kwa kistari. Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, na neno likikatwa mahali pabaya maana hupotea. Tazama sentensi "Matunda haya hayafai kuliwa." Mashine ikiikata "hayafai" baada ya "haya", mtoto atasoma "Matunda haya haya", kisha mstari wa pili "fai kuliwa". Katika lebo za shule ni heri kukataza kabisa ukataji wa maneno. Ikiwa programu ina orodha ya lugha, mwalimu achague Kiswahili. Kazi ya kuifunza kompyuta lugha yetu imekwisha anzwa muda mrefu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili.

Hata pasipokatwa neno, mstari unaweza kukatwa vibaya. Mashine huweza kuandika "Maji ya pipa hili si" na kushusha "ya kunywa" chini. Mtoto anayetupia jicho mstari wa pili tu atakwenda kuchukua kikombe. Mwalimu aukate mstari kwa mkono wake mwenyewe: "Maji ya pipa hili" juu, na "si ya kunywa" chini. Maneno yanayoshikana kwa maana yakae pamoja.

Mfano wa kazi

Tuseme tunataka kuweka lebo kwenye mringaringa ulio katika uwanja wa shule. Mwalimu mwanafunzi huenda akaandika hivi:

"Mti huu unaouona mbele yako ni mringaringa, ambao ni miongoni mwa miti ya asili ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikitumiwa na wakazi wa miteremko ya Mlima Meru kwa shughuli mbalimbali, zikiwemo kuipatia mibuni kivuli, kuchongea mizinga na kuvutia nyuki kwa maua yake meupe."

Hayo ni maneno 43, nayo yanahitaji mistari isiyopungua 9 mahali penye mistari 6. Sasa tuyapunguze:

Mringaringa
Huipa mibuni kivuli.
Magogo yake huchongwa mizinga.
Maua yake meupe huvutia nyuki.
Gusa jani lake. Likoje?

Maneno ni 17, mistari ni 5, na hakuna mstari unaozidi herufi 32. Hakuna jambo la maana lililotupwa. Tena limeongezwa swali, na mtoto atakayeligusa jani atajua kwa kidole chake mwenyewe kwamba lina ukwaruzo. Kichwa kimeandikwa kwa herufi ndogo baada ya ile kubwa ya mwanzo, kwa kuwa ndivyo mtoto anavyoona maneno kitabuni. Aya nzima ya herufi kubwa humchosha anayeanza kusoma. Achague pia mwalimu umbo la herufi ambamo I kubwa na l ndogo hazifanani, la sivyo neno "Ilala" litakuwa fumbo.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema kwamba kufupisha lebo ni kumnyima mtoto maarifa. Hatukubaliani nao. Lebo ina mwenzake, naye ni mwalimu. Maelezo marefu yana mahali pake katika mazungumzo ya somo na katika daftari; kazi ya lebo ni kuanzisha.

Wengine watauliza haya yana faida gani kwa shule isiyo na kompyuta wala umeme. Faida ipo, kwani kanuni ni zile zile kwa manila na kalamu. Na yule anayepeleka kazi steshenari asimwachie kijana wa mashine uamuzi. Ampe maneno yaliyokwisha pimwa, amweleze ukubwa wa herufi na mahali pa kukata kila mstari, kisha aikague nakala moja kabla ya kuchapisha nyingine. Kijana wa steshenari anajua mashine yake. Mtoto wa darasa la pili tunamjua sisi.

Zoezi kwa mazoezi ya kufundisha

Tunawashauri walimu wanafunzi wafike kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la kale la Wajerumani mjini Arusha, au Makumbusho ya Azimio la Arusha yaliyofunguliwa mwaka 1977, na wawatazame watoto wanaozuru pamoja na shule zao. Wapime kwa hatua watoto wa nyuma wanasimama wapi, na waone ni maelezo gani yanayosomwa mpaka mwisho. Kisha warudi chuoni, watengeneze lebo tano, wazibandike ukutani na kusimama umbali ule ule. Lebo isiyosomeka hapo haina budi kuandikwa upya, hata kama ilipendeza kwenye skrini.

Mwisho, lebo zikaguliwe na mtoto. Apewe azisome kwa sauti, mwalimu akinyamaza. Pale atakapokwama, mwalimu asikimbilie kumsahihisha. Aangalie kwanza mstari umekatwa wapi na herufi zina kimo gani. Tukifanya hivyo tangu mafunzoni, tutawapeleka vijijini watoto ambao, bibi anapowaita, husoma lebo mpaka neno la mwisho.