Neno la Mhariri: Tusiufumbie Macho Uvimbe, Tusikimbilie Kisu

Mzazi akimvalisha mtoto viatu, akakuta kimoja kinabana kwa sababu kifundo cha mguu kimetuna upande wa ndani, hujiwa na mawazo mawili: ameanguka, au ni saratani. Wazo la kwanza humfanya angoje. La pili humnyima usingizi. Toleo hili linafunguliwa na ugonjwa wa Trevor, ambao si hili wala lile.

Ni ugonjwa adimu: hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika milioni moja, wavulana wakiwa mara tatu ya wasichana. Mouchet na Belot waliueleza nchini Ufaransa mwaka 1926. Mwaka 1950 David Trevor wa Uingereza aliandika upya kuuhusu, na mwaka 1956 Fairbank akauita disiplasia epifisialisi hemimelika. Neno la mwisho ndilo ufunguo, kwani linataja nusu ya kiungo. Gegedu la ncha ya mfupa hukua kupita kiasi upande mmoja tu, mara nyingi wa ndani; wa pili hubaki ulivyo. Kitanda chenye tendegu moja refu hakikai sawa. Mguu nao huanza kupinda, kifundo kikawa kigumu kukunjika, na mtoto akachechemea.

Uvimbe huu si saratani, haujulikani kurithiwa, wala si laana. Usipouma wala kupindisha mguu, hufuatiliwa kwa picha mtoto anavyokua. Ukiuma, ukapindisha au ukazuia mwendo, daktari bingwa wa mifupa huuondoa. Lakini unaweza kurudi maadamu mifupa ingali inakua, kwa hiyo kliniki haiishi siku ya kutoa nyuzi.

Ndiyo maana tunapinga makosa mawili. La kwanza ni kumchua mtoto miezi na miezi bila picha hata moja, huku kiungo kikizidi kuharibika. La pili ni kumpasua mtoto asiye na maumivu kwa hofu ya jina geni. Eksirei huonyesha vipande vya mfupa vilivyotawanyika kando ya kiungo. Kwa mtoto mdogo, ambaye gegedu lake bado halijawa mfupa, MRI huona zaidi.

Wazazi, na nyinyi wahudumu wa afya: mvueni mtoto viatu vyote viwili, mwambieni asimame, muilinganishe miguu. Ikitofautiana, apigwe picha kabla ya jambo lingine lolote.