Sura za Wachapa Kazi Nazo Zitundikwe

Katika ofisi nyingi za umma hapa Visiwani zimetundikwa picha za viongozi. Hiyo ni heshima inayostahili, wala hatuna neno nayo. Tunaloliuliza ni hili: mchuma karafuu, mkulima wa mwani, mvuvi na fundi wa mashua, ambao jasho lao ndilo linaloilisha nchi, sura zao zimetundikwa wapi?

Wengine waliwahi kulijibu swali hili. Katika miaka ya 1930 na 1931, mchoraji wa Marekani Thomas Hart Benton alichorea chuo kimoja cha New York picha 10 kubwa za wananchi wenziwe wakiwa kazini: wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wakulima wa pamba na wajenzi. Hakuwabuni. Alikwisha kuizunguka nchi na daftari lake, akiwachora pale pale walipofanyia kazi. Ujira hakulipwa, alipewa mayai tu. Tangu 2012 picha hizo ni mali ya jumba la makumbusho la Metropolitan.

Mayai hayo yalikuwa ya kutengenezea rangi. Kiini cha yai kikichanganywa na maji na unga wa rangi hutoa tempera, ambayo wachoraji wa Italia waliitumia sana kabla ya rangi ya mafuta kuenea. Hutaka ubao mgumu uliopakwa chaki na gundi. Hukauka upesi, kwa hiyo mchoraji hupitisha mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, kwa subira ya mshona kofia. Kwetu itabidi pia ikingwe na unyevu, isije ikaota kuvu.

Basi tunaishauri Serikali kwamba kila ijengapo skuli, hospitali au gati, itenge fungu dogo la kumwajiri mchoraji wa hapa hapa awachore watu wa mahali hapo wakiwa kazini, iwe kwa tempera au kwa rangi nyingine. Mchoraji alipwe fedha, si mayai. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Na mwenye kuchorwa aombwe ridhaa, kisha jina lake liandikwe chini ya picha, kama yaandikwavyo majina ya viongozi. Watalii wameuziwa picha nyingi za wavuvi wasio na majina. Watoto wetu wanastahili kuwajua wavuvi hao ni nani.