Vazi Lisiwe Kiingilio

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, katika mwezi wa Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu wa lugha hii tumepata sababu njema ya kuwakusanya wanafunzi wacheze ngoma, waigize na kughani mashairi. Lakini pamoja na neema hiyo imezuka desturi ambayo mimi naipinga, wala sitaificha kauli yangu kwa kuwaonea haya wenzangu. Ni desturi ya kumwamuru kila mwanafunzi aje shereheni "katika vazi la Kiswahili". Amri hiyo ikifika kwa mzazi hufasiriwa kwa lugha moja tu, nayo ni lugha ya fedha: mvulana anunuliwe kanzu na kofia, msichana anunuliwe doti ya kanga.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, msichana aliyewapita wenzake wote kwa methali na vitendawili hakuonekana siku ya sherehe. Mama yake alikuwa mchuuzi wa nyanya. Nilipomwuliza juma lililofuata, alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, lugha ninayo, nguo sina." Sikuwa na neno la kumjibu.

Hebu tujiulize, hilo vazi la Kiswahili ni lipi? Katika nchi hii ya Rwanda, kwa miaka mingi, kumwita mtu Mswahili kulikuwa na maana ya kumwita Mwislamu, au mtu wa mjini asiye na shamba la babu zake. Lugha yenyewe iliachiwa masoko, makambi na mitaa ya wageni. Sheria ya mwaka 2017 ilikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za taifa, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Basi sheria imekwisha kusema kwamba Kiswahili ni cha wote, na sisi walimu, kwa kumvisha kila mtoto kanzu, twawarudisha wazazi kule kule walikotoka: kwamba hiki ni kitu cha dini fulani na pwani fulani, ambacho mtoto wao hukivaa asubuhi na kukivua jioni.

Anayekisema Kiswahili hapa Gisenyi twamjua. Ni mvuvi wa sambaza ziwani Kivu. Ni mama wa soko la Mbugangari anayepatana bei na mteja wa kutoka Goma. Ni fundi wa pikipiki, ni mbeba mizigo wa mpakani. Kwa nini mtoto asije amevaa kama hao? Kitenge kilichofungwa kiunoni, kilemba, suruali iliyokunjwa hadi magotini na wavu begani: hayo nayo ni mavazi ya Kiswahili, na mengi yamo nyumbani tayari.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na kanzu, na wenyewe wanaoivaa kila siku wana haki ya kuiona jukwaani. Ugomvi wangu ni na risiti. Wanaodhani kwamba vazi la pwani sharti linunuliwe limekwisha kushonwa, wameisahau historia ya vazi hilo. Katika karne ya 19 wanawake wengi wa Unguja, hasa watumwa, walijifunga merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na majahazi ya Marekani, au kaniki iliyochovywa nili. Kisha wakazuka wanawake waliokata leso sita kutoka jora la vitambaa vya mkononi, wakazishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo ya pambo isiyofanana na ya jirani. Humo ndimo ilimochipuka kanga. Basi nguo tunayowatuma watoto wetu wakainunue ilianza kwa sindano ya mtu aliyetaka kupendeza!

Nakuja kwenye kazi yenyewe. Wengine watasema, na wanunue mitumba. Mitumba Wanyarwanda huiita caguwa, neno lililotokana na "chagua" letu, lakini mwaka 2016 ushuru wake ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na tangu hapo si kimbilio la kila mtu. Mimi nashauri shuka kuukuu la kitanda cha mtu mmoja. Likunje kati kwa urefu wake, mkunjo uwe mabegani, hapo hutahitaji mshono wa bega. Mlaze mtoto juu yake, au shati lake, uchore kwa chaki badani na mikono kwa pamoja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kila upande. Vipande vinavyobaki chini ya mikono usivitupe. Hivyo ndivyo taharizi, zitakazoipa kanzu upana wa kutembea, na kijipande cha mraba ndicho kikwapa. Toboa shingo ndogo kuliko unavyodhani, kwa maana shingo huongezwa wala haipunguzwi. Piga bandi kwanza, mtoto ajaribu, ndipo ushone. Malizia kwa kaba shingoni na sijafu mikononi.

Badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu: ni walimu wangapi miongoni mwetu wanaweza kuyafundisha maneno hayo bila kamusi? Nayakiri makosa yangu. Mimi mwenyewe niliyajua kwa kusoma kabla sijayajua kwa mikono. Mwanafunzi aliyeshona kikwapa hakisahau. Na akikutana na mkasi, kitenge na cherehani, atawatambua jamaa wa umukasi, igitenge na icyarahani anaowasikia nyumbani, na hapo somo la maneno ya mkopo litakuwa limejifundisha lenyewe.

Nimeambiwa kwamba watoto walioshona wenyewe watachekwa na wale walionunuliwa. Watachekwa iwapo mwalimu ataruhusu mavazi ya aina mbili. Vazi la jukwaani na lishonwe shuleni, na watoto wote, wa mwenye duka na wa mchuuzi, kwa vitambaa vilivyotiwa katika kapu moja. Nimeambiwa pia kwamba hakuna muda. Muda wa kuwapanga watoto jua kali wapigwe picha huwa upo.

Mwaka huu nitakwenda na shuka langu mwenyewe na mkasi. Mwenzangu atakaye kunipinga, na aje na sindano.