Muulizeni Mtu wa Tatu

Kuna sentensi nimechoka kukutana nayo kwenye makundi yetu ya fasihi: natamani penzi kama la Sartre na Beauvoir. Mara nyingi anayeiandika ni kaka aliyesoma vitabu viwili vitatu, ana mke nyumbani, na anatafuta jina la heshima la mchepuko wake. Chini yake watu wanamwaga kopakopa.

Mimi ni mwandishi wa habari, naandika haya nikiwa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Huku ukimwambia mtu kwamba mwanamume na mwanamke walipendana miaka 51 bila kuoana wala kujenga nyumba, atakuuliza kwanza nani alikuwa anapika. Jibu ni rahisi: walikula mgahawani. Swali langu mimi ni gumu kidogo. Gharama ya penzi lile alilipa nani?

Tuwape kwanza haki yao. Mwaka 1929 Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir walifanya mtihani mgumu wa kupata walimu wa falsafa nchini Ufaransa. Sartre, aliyekuwa amefeli mwaka mmoja kabla, akawa wa kwanza. Beauvoir, mwenye miaka 21, akawa wa pili. Mwaka huohuo wakapatana: penzi lao litakuwa la msingi, mengine yatakuwa ya pembeni, na wataambiana kila kitu. Kila mmoja akawa msomaji wa kwanza wa kazi za mwenzake, mpaka Sartre alipofariki mwaka 1980. Binti wa mwaka 1929 kukataa ndoa ulikuwa ujasiri mkubwa. Na anayemwita Beauvoir "demu wa Sartre" tu, hebu akasome kwanza kitabu chake cha 1949 kuhusu wanawake.

Sasa tuje kwa hao wa pembeni. Walikuwa akina nani?

Olga Kosakiewicz alikuwa mwanafunzi wa Beauvoir mjini Rouen. Bianca Bienenfeld alikuwa mwanafunzi wake Paris. Bianca aliingia kwenye uhusiano na mwalimu wake huyo, kisha naye Sartre akamfuata. Mwaka 1940 wote wawili wakamwacha. Huyo ni binti wa Kiyahudi, na mwaka huo jeshi la Hitler liliingia Paris. Akasalimika, lakini babu yake na shangazi yake waliuawa. Miaka 50 baadaye, barua za Beauvoir zilipochapishwa mwaka 1990, Bianca akasoma jinsi alivyokuwa akisengenywa na watu aliowaamini. Mwaka 1993 akaandika kitabu chake mwenyewe. Ni wangapi kati yetu tunaorusha picha za wale wawili mgahawani tumewahi hata kulitaja jina lake?

Watetezi wana majibu mawili. La kwanza: Beauvoir alifukuzwa ualimu mwaka 1943, baada ya mama wa mwanafunzi mwingine kulalamika, na serikali iliyomfukuza ilikuwa kibaraka wa Hitler. Ni kweli. Lakini Bianca hakuwa serikali.

La pili: wale mabinti waliridhia. Hapa Kagera tunayo butura. Mkulima ana shida, ada ya mtoto inadaiwa, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Hakuna aliyemshikia panga. Makubaliano yapo, pengine hata sahihi. Bado tunaita unyonyaji, kwa sababu mmoja anajua bei ya msimu na mwingine anajua shida yake tu. Mwanafunzi wa miaka 17 mbele ya mwalimu anayemwabudu anauza maua. Ridhaa yake ipo, ila bei kaipanga mwingine.

Kinachouma ni kwamba Beauvoir alilijua hili. Mwaka 1947 aliandika kitabu kizima cha maadili kinachodai kwamba uhuru wangu hauna maana kama siutaki pia uhuru wa wengine. Basi tumpime kwa rula yake. Mapatano yale yalikuwa na wajumbe wawili, na masharti yakamwangukia wa tatu ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Na jambo hili ni letu pia. Rushwa ya ngono imo kwenye sheria yetu ya rushwa ya mwaka 2007, lakini nani hajawahi kusikia ya mhadhiri na maksi? Sisemi Beauvoir aliuza maksi. Nasema tukizoea kuliita jambo hili falsafa kwa sababu limefanyika Paris, tunampa mhadhiri wa hapa maneno mazuri ya kujitetea. Tayari wapo wanaoyatumia.

Wasomeni wote wawili, mimi nitaendelea kuwasoma. Ila mtu akikuletea penzi lao kama mfano wa kuiga, muulize kama amemsoma Bianca. Kama hajamsoma, amesikia upande mmoja wa kesi.