Acheni Kubembeleza Injini

Wasee, leo nitakasirisha mafundi. Ile habari ya "injini imefunguliwa juzi, iache tu ingurume isiumie" ni uongo, na mimi nimeulipia.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, nikaenda kwa mjomba Juja tuendeshe katinga kake ka silinda 3, hosipawa 25. Kanalima mashamba madogo na kuvuta trela. Kalipoanza kukosa nguvu tukakapeleka gereji. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya, silinda zikasuguliwa upya. Pesa ilitoka kwa chama cha mama, na wale wamama hawana mchezo.

Fundi akasema: "Siku tatu ni kuwasha tu. Isibebe kitu." Tukatii. Kutwa nzima katinga kananguruma mahali pamoja, mjomba amekaa kando na chai kama anachunga mtoto mchanga. Wiki mbili baadaye, moshi wa bluu. Oili inaisha. Ukifungua kifuniko cha kuwekea oili, inafuka kama jiko la kuni. Fundi wa pili aliponionyesha silinda ndani, manze, ukuta uling'aa kama kioo.

Sasa sikiza, hapa ndipo watu hudanganywa. Silinda ikisuguliwa hubaki na mistari midogo iliyopishana. Hiyo mistari inashika oili, na pia ndiyo inayosugua ringi mpaka ikae sawa na ukuta. Lakini ringi haijisukumi yenyewe vya kutosha. Presha ya moto ndani ya silinda hupita nyuma yake na kuikandamiza ukutani. Dizeli isiyo na mzigo inachoma mafuta kidogo, kwa hivyo presha nayo ni kidogo. Ringi inateleza tu juu ya oili, oili inaungua, inaganda kama vanishi, mistari inazibika. Ikifika hapo unafungua tena, unasugua tena, unanunua ringi tena.

Ati nitaua injini nikiipa kazi mapema? Sijasema uipeleke siku ya kwanza kuvunja udongo mgumu kama saruji. Washa, hakikisha presha ya oili iko, kagua kama kuna mahali inavuja, iache ipate joto dakika chache. Halafu twende kazi. Trela nusu mzigo, mwendo ukibadilika badilika, macho kwa geji ya joto. Usiikabe kwa gia kubwa na mzunguko wa chini mpaka itetemeke. Oili ya kwanza na filta zitoke mapema, kwa sababu zimebeba unga wa chuma. Vitabu vingi vya mashine ndogo huandika saa 50, na ni saa za mita, si za kalenda.

Kinachoniuma ni kwamba ushauri mbaya haumgharimu fundi hata shilingi. Tuliporudi, yule wa kwanza alisema sisi ndio tulioharibu. Tulioharibu na nini, buda, na haikubeba hata debe la maji?

Safari hii nilikataa kulipa salio kabla fundi hajaniandikia kwa risiti jinsi ya kuizoesha kazi. Alininunia, lakini akaandika. Mjomba bado analipa chama kila Jumapili. Katinga kako barabarani na nusu trela ya mchanga, mita inasoma saa 31, na oili haijashuka.